Dogo anataka kuwa daktari wa timu. Anasoma nini hasa, na kwa miaka mingapi?

#1 MzeeWaKona
Wakuu salaam.

Nina mtoto wa dada yangu, kamaliza kidato cha nne, matokeo mazuri tu. Mwanzo alijaza PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), ukoo mzima tukajua tumepata injinia. Wiki iliyopita kaja na mpya: anataka abadili tahasusi iwe PCB kabla dirisha la TAMISEMI halijafungwa, maana anataka kuwa "daktari wa michezo". Yule anayekimbia uwanjani na begi mchezaji akilala. Baba yake kacheka mpaka akakohoa. Anasema hawezi kusomesha mtoto miaka yote hiyo akapulizie watu dawa kwenye ugoko.

Mimi ndiye niliyetumwa kuuliza. Kijiweni nimepata majibu manne kwa watu watatu: mmoja kasema Malya, kile chuo cha michezo, wa pili fiziotherapia, wa tatu kasema udaktari, halafu akajirekebisha kuwa ni kozi ya FIFA ya kwenye simu. Ipi ni ipi? Na kazi ipo, au mpaka Simba na Yanga wakukumbuke?

Binafsi naona injinia ilikuwa salama zaidi, ila mimi si msomi.

#2 KigodaNyuma
Nimekaa. Waje wajuzi.

#3 MtotoWaTandika
Mkuu usisumbuke, ni fiziotherapia. Wale wa benchi si madaktari, ni wachua misuli tu, sisi ndio tunawaita dokta kwa heshima. Hata mganga wa kienyeji tunamwita dokta.

#4 TarajaliMchovu
#3 umechanganya watu watatu ukawapa begi moja.

Timu iliyojipanga ina daktari, ina mfiziotherapia na ina mchua misuli. Daktari ndiye anayepima, anaandika dawa, anasema huyu apelekwe hospitali au abaki. Mfiziotherapia anamrudisha mtu kwenye hali ya kucheza, wiki kwa wiki. Mchua misuli anachua. Timu isiyo na hela humkuta mtu mmoja kabeba kofia zote tatu, na mara nyingine anabeba na maji.

Sasa njia ya daktari kwa hapa Tanzania. Hakuna chuo kinachotoa digrii ya kwanza iitwayo udaktari wa michezo. Anaanza kama daktari mwingine yeyote: PCB, halafu MD, yaani digrii ya udaktari, miaka 5. Kigezo cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni alama 6, yaani angalau D kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini hicho ni kigezo cha kuruhusiwa kuomba, siyo cha kupata. Akienda Muhimbili na D tatu atarudi na bahasha yake. Baada ya MD kuna utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, mwaka 1, ndipo Baraza la Madaktari limpe usajili kamili. Hapo bado ni daktari wa kawaida, hajaugusa mpira. Ubingwa ndio unafuata.

Mimi niko kwenye huo mwaka 1 sasa hivi, naandika nikiwa zamu. Nikikatika mjue kuna mtu kaletwa.

#5 Bwana_Spana
Kwa hiyo kwanza anapiga msuli miaka sita, ndiyo aruhusiwe kuchua msuli.

#6 MtotoWaTandika
😂😂 #5 Mungu anakuona.

#7 Nyundo_na_Patasi
Mimi niko upande wa mifupa, nitasema ninachokijua. Anayetaka michezo kwa uhakika asome upasuaji wa mifupa. Ana milango miwili hapa: masta ya chuo kikuu, ambapo mafunzo mengi yanafanyika pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, au hospitali za kanda, au njia ya COSECSA, kile chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha. Ya COSECSA ni miaka 2 ya mwanzo, kisha 3 ya ubingwa, unasomea humohumo hospitalini unakofanya kazi. Akimaliza ndipo anaongeza ubobezi wa magoti na mabega nje ya nchi, upasuaji ule wa kamera na matundu madogo.

Jeraha linalomaliza maisha ya mchezaji ni goti. Na goti linaishia mezani kwetu, tupende tusipende. Angalia timu zenye uwezo, Azam kwa mfano, kwa miaka wamekuwa wakipeleka wachezaji Cape Town kutibiwa. Kwa nini? Kisu.

#8 DharuraSaaNane
Kaka #7 nakuheshimu, lakini fundi wa nyundo kila kitu anakiona msumari.

Kinachomaliza kazi ya mchezaji ni goti, sawa. Kinachommaliza mchezaji mwenyewe ni moyo. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon, Juni 2003, dakika ya 72, hakuguswa na mtu. Hapa kwetu Desemba 2016 kijana wa timu ya vijana ya Mbao alianguka pale Kaitaba, Bukoba, akafariki. Eriksen wa Denmark mwaka 2021 moyo ulisimama uwanjani, akaamka kwa sababu mashine ya kushtua moyo ilikuwa palepale uwanjani na watu wanajua kuitumia. Fabrice Muamba wa Tottenham moyo wake ulisimama dakika 78 mwaka 2012 na yuko hai. Hapo nyundo inafanya nini?

Marekani wenzetu wamelijua hilo. Madaktari wengi wa michezo kule si wapasuaji. Wanasoma tiba ya familia miaka 3, au dharura, au watoto, kisha feloshipu ya tiba ya michezo mwaka 1, wanafanya mtihani wa cheti. Mpasuaji anayetaka michezo anakaa miaka 5 ya mifupa na 1 ya feloshipu. Zote mbili zipo, ila ya kwanza ndiyo inayokaa na timu kila siku. Na msisahau kule kuna miaka 4 ya chuo kabla hata ya kuanza udaktari.

Muhimbili wanatoa ubingwa wa tiba ya dharura tangu 2010. Aga Khan Dar wana tiba ya familia. Dogo aanzie hapo.

#9 WanaLambalamba
#8 Muamba alikuwa Bolton. Tottenham ndio walikuwa wenyeji siku hiyo, White Hart Lane. Ninyi madaktari moyo mnaujua, mpira hamuujui.

#10 DharuraSaaNane
#9 nimepokea, ni Bolton. Tena nikukumbushe na hili: mmoja wa waliomwokoa alikuwa daktari wa moyo aliyekuja kama shabiki, akashuka kutoka jukwaani. Siyo mpasuaji wa mifupa 😏

#11 Nyundo_na_Patasi
Na hakuwa wa dharura wala wa familia vilevile. Endelea.

#12 BegiLaBluu
Mimi ndiye huyo mnayemwita mchua misuli. Ni mfiziotherapia, nimesoma Moshi, KCMC, na nimekaa na timu ya Championship misimu minne. Timu siitaji, bado wananidai uvumilivu.

Niwafungulie begi. Bandeji za kunata za upana tofauti, mkasi butu, glovu, pamba, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, vazelini, kamba ya kufunga damu, kitu cha kufungua njia ya hewa nilichonunua kwa hela yangu, na hicho kipulizo mnachokicheka. Kipulizo kinapoza ngozi tu. Maumivu yanatulia dakika chache, mtu anainuka, mnapiga makofi. Hakitibu chochote. Baba wa dogo ana haki ya kucheka kama anadhani kazi yote ndiyo hiyo.

Nitawapa kisa. Tulikuwa ugenini, safari ya basi ya masaa kumi na moja, barafu yote kwenye kontena imekuwa maji. Dakika ya ishirini beki wetu wa kulia kageuza enka. Nikamtuma muokota mipira nje ya geti kwa mama muuza barafu za ukwaju. Kaja nazo kumi. Nikazipanga kwenye enka nikazungushia bandeji, nikamwambia kaa hapa mguu juu. Mapumziko narudi kumwangalia, zimebaki saba. Beki anafyonza.

Mpaka leo timu nzima inamwita Ukwaju.

Ninachotaka kusema: mchezaji wangu anamwona daktari mara moja kwa wiki, pengine. Mimi ananiona asubuhi na jioni. Dogo akitaka kukaa na wachezaji, fiziotherapia siyo njia ya mkato, ni kazi yenyewe. Akitaka kuandika dawa na kutoa maamuzi ya mwisho, basi MD. Ajiulize anataka nini, siyo anataka aitwe nani.

#13 GotiLinalia
Wakuu habari, samahani kwa kutoka nje ya mada. Nina miaka 41, nacheza maveterani kila Jumapili. Goti la kulia nikikunja linalia kra kra kra kama mlango wa choo cha shule. Haliumi sana. Nitumie nini?

#14 TarajaliMchovu
#13 nenda hospitali likashikwe. Goti halipimwi kwa kibodi.

#15 Bwana_Spana
Tumia barafu ya ukwaju, kutwa mara tatu.

#16 Msufini_UG
Assalaam alaykum. Nyote mwatazama Marekani na Muhimbili, hebu tazameni na Cuba. Wale tiba ya michezo kwao ni ubingwa kamili, daktari asomea kama asomeavyo magonjwa ya watoto, na wana taasisi yao Havana tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana kisiwa kidogo chatoa mabondia karibu kila Olimpiki. Huku Unguja Wacuba twawajua, udaktari pale chuo kikuu cha SUZA ulianza kwa mkono wao. Dogo akijifunza Kihispania hapotezi kitu.

#17 Bwana_Spana
Sheikh sasa umeongeza na lugha. Dogo atamaliza akiwa na umri wa kocha.

#18 DirishaLaDoha
Niko Doha mwaka wa saba, mimi ni dereva, si daktari, ila kuna kipindi nilikuwa nashusha watu Aspetar karibu kila siku. Hiyo ni hospitali ya mifupa na michezo, ilifunguliwa 2007. Wachezaji wanakuja kutoka Ulaya kabisa. Nilichojifunza kwa kuwasikiliza abiria: ndani mle kuna makabila yote ya kazi. Yupo mpasuaji, yupo daktari wa michezo asiyeshika kisu, yupo wa moyo, wa meno, wa lishe, wafiziotherapia ndio wengi. Kwa hiyo hao #7 na #8 wanaogombana hapa, kule wamepangiwa korido moja.

#19 Mnyalu_wa_Cardiff
Niongezee la Uingereza, maana kuna mtego watu wengi wanaingia.

Uingereza ilitambua tiba ya michezo na mazoezi kuwa ubingwa rasmi mwaka 2005. Kufika kwenye huo ubingwa ni miaka mingi ya mafunzo hospitalini baada ya udaktari, na nafasi zenyewe ni chache kama tiketi za derby. Lakini vyuo vingi pia vinatoa masta ya mwaka mmoja ya tiba ya michezo, na hiyo ukiwa na ada wanakupokea. Watu wanasoma hiyo ya mwaka mmoja, wanarudi nyumbani, wanaandika "bingwa". Si bingwa. Ni daktari mwenye masta nzuri. Ubingwa ni mafunzo ya kushika wagonjwa chini ya usimamizi na usajili wa baraza, siyo cheti cha ukutani.

Afrika Kusini nako ni hivyohivyo: Chuo Kikuu cha Cape Town kina masta ya tiba ya michezo, Pretoria wanayo pia, na kwa sisi huku ni karibu zaidi na wagonjwa wanafanana na wetu. Ila kabla hajalipa ada aulize Baraza la Madaktari la nyumbani Tanzania litaiandikaje kwenye leseni yake. Swali hilo aulize kabla, siyo baada.

#20 Chapchap255
Mnamzungusha mtoto wa watu. Kozi ya FIFA ipo, ni bure, iko mtandaoni, inaitwa diploma ya tiba ya mpira wa miguu. Nimeimaliza mimi hapa, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Cheti ninacho.

#21 TarajaliMchovu
#20 umejijibu mwenyewe mwalimu. Ni kozi nzuri sana, moduli 42, na hata mimi niko katikati yake. Lakini kama mwalimu wa hesabu anaimaliza, basi siyo hiyo inayomfanya mtu kuwa daktari. Ni nyongeza juu ya taaluma uliyonayo. Kuna na ile ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, miaka 2 kwa masafa, hiyo ni nzito zaidi na ina ada. Ukishakuwa daktari, ulizia ufadhili kupitia Kamati ya Olimpiki Tanzania, na wasogelee TASMA, chama cha madaktari wa michezo. Wengi walioko kwenye mabenchi yetu leo hawakupitia chuo cha michezo. Walikuwa madaktari wanaopenda mpira, wakajitolea, wakasoma kozi fupi moja baada ya nyingine.

Nimeitwa. Narudi.

#22 Namba4_Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa nikasema niandike. Nilicheza ligi kuu misimu mitano, klabu sitaitaja.

Mnabishana mifupa na dharura. Tatizo langu halikuwa digrii ya daktari, lilikuwa nani anamlipa. Nilikuwa na goti. Kila Ijumaa sindano, Jumamosi nacheza kama mtoto, Jumatatu nashuka ngazi kinyumenyume. Daktari alikuwa msomi, MD kabisa. Siku moja nikamsikia nyuma ya mlango kocha anamuuliza: "Mimi sijakuuliza anaumwa nini, nimekuuliza anacheza au hachezi?" Kimya. Halafu daktari akasema, "Atacheza."

Sikumchukia. Mshahara wake ulikuwa unatoka kwa aliyemuuliza. Ila chuo gani kinafundisha kujibu swali lile? Nikitaka kumshauri dogo, ndiyo hilo tu. Leo nina miaka 36 na natembea kama mzee wa Kariakoo aliyebeba gunia.

#23 KigodaNyuma
Aisee.

#24 DharuraSaaNane
#22 pole sana mkuu. Na kwa taarifa ya wanaocheza sasa: sindano za jamii hiyo, zile za steroidi za kutuliza uvimbe, tangu Januari 2022 ni marufuku siku za mashindano kwa njia yoyote ya sindano, mpaka uwe na kibali. Tramadoli nayo imeingia kwenye orodha ya siku za mashindano tangu Januari 2024. Daktari wa timu asiyeisoma orodha ya WADA, shirika la dunia la kupinga dawa zilizokatazwa michezoni, kila mwaka anaweza kumfungia mchezaji wake mwenyewe kwa nia njema kabisa.

#25 Rift_Daktari
Salamu kutoka Eldoret. Hapo kwa WADA ndipo sisi Kenya tumeungua vidole. Tuna ADAK, shirika letu la kupinga dawa hizo, tangu 2016, na bado kila mara jina la mwanariadha linatokea kwa orodha ya waliofungiwa. Wengine ni wezi, tuseme ukweli. Lakini nimeona pia mkimbiaji amekuja na mafua, ameingia kemisti ya mjini, amepewa dawa ya kufungua pua, hajui kwamba kuna zenye kiungo kinachohesabiwa kosa siku ya mbio. Mimi ni daktari wa kawaida, digrii yetu ni miaka 6 na mwaka wa mafunzo hospitalini. Sikusomea spoti mahali. Niliisomea kwa foleni ya wakimbiaji mlangoni: mifupa ya mguu yenye nyufa za kukimbia kupita kiasi, chuma kidogo kwenye damu, na meneja anayepiga simu akiwa Ulaya anauliza kama mtu wake anaweza kukimbia Jumapili.

Kwa hivyo #22, hapa hakuna klabu, lakini swali ni lile lile.

#26 Dkt_Mwanahamisi
Nimecheka kidogo kuona uzi mzima "dogo, dogo", kana kwamba binti hawezi kubeba begi.

Mimi ni daktari hospitali ya wilaya, mikoa ya kusini. Mwaka mmoja nilipangwa kwenye kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nilikwenda na bandeji za kutosha kufunga kijiji. Siku tatu za kwanza daftari langu lilikuwa hivi: malaria, matumbo, fangasi za miguuni kwa sababu wanaazimana viatu, binti mmoja kazimia jua la saa saba kwa sababu alikuwa hajala ili "awe mwepesi", na enka nne. Enka nne tu. Wasichana wawili walikuwa wanacheza na damu pungufu, hakuna aliyewahi kuwauliza hedhi zao zikoje. Kocha wao ni mwanamume, aliona aibu, na wao waliona aibu.

Kwa hiyo kidogo naegemea kwa #8, lakini si kwa sababu ya moyo. Kwa sababu mchezaji ni mtu mzima mwenye tumbo, ngozi, hedhi na mawazo, goti ni kipande tu. Tena kamba ya mbele ya goti wanawake wanaikata kirahisi zaidi kuliko wanaume, na Twiga Stars wameshafika AFCON ya wanawake zaidi ya mara moja. Nani anasoma kwa ajili yao?

#27 Nyundo_na_Patasi
Dada #26 nakubali yote isipokuwa "kipande tu". Hiyo kamba ikikatika, kwa anayetaka kurudi kwenye mpira wa ushindani, mara nyingi ni upasuaji. Baada ya hapo si chini ya miezi 9, na wenye haraka ndio wanaorudi kwangu mara ya pili.

#28 BegiLaBluu
Na hiyo miezi tisa anakaa na nani? 🙋🏾‍♂️

#29 MhasibuWaMtaa
Mmeeleza kusoma, hakuna aliyejibu kazi. Ligi kuu ina timu 16. Hata kila moja ikiajiri daktari wa kudumu, ni watu 16 nchi nzima. Na wengi hawaachi hospitali, timu ni kibarua cha jioni. AFCON 2027 inakuja, watahitajika wengi, halafu itaisha. Sasa dogo awekeze miaka kumi na zaidi kwa nafasi 16?

#30 Mnyalu_wa_Cardiff
#29 hesabu yako ni ya jukwaa kuu tu. Angalia barabara za Dar asubuhi: watu wa jogingi. Angalia kumbi za mazoezi, wanajeshi, wacheza ngoma, wabeba mizigo, na akina #13 wote wa Jumapili. Goti la mhasibu linalipa bili kuliko la winga. Wenye bima ndio soko.

#31 MhasibuWaMtaa
Goti la mhasibu halina hela hiyo unayoidhani.

#32 Tabibu_wa_Benchi
Naomba nami niulize. Mimi ni afisa tabibu, diploma ya miaka 3, nimekaa benchi la timu ya mkoa miaka sita. Safari hii wameambiwa mambo ya leseni za klabu, wanatafuta "daktari kamili", mimi nimeambiwa niwe msaidizi wa mtu ambaye hajui hata jina la kipa. Kuna njia, au umri umenitupa?

#33 TarajaliMchovu
Nimerudi. #32 njia ipo. Diploma ya utabibu yenye GPA kuanzia 3.0, pamoja na vile vyeti vyako vya kidato cha nne vya sayansi, hesabu na Kiingereza, inakuruhusu kuomba MD. Darasani kwetu matabibu walikuwa ndio wanaotufundisha sisi wa PCB namna ya kumgusa mgonjwa. Mwaka wa kwanza watateseka na baiokemia, wanapata sapu (mitihani ya marudio) mbili tatu, kisha wanatupita wote wodini.

Ni miaka 5 tena, sikudanganyi. Ila benchi la miaka sita hakuna moduli inayolifundisha.

#34 Tabibu_wa_Benchi
Ahsante dokta. Nitaanza kutafuta cheti cha kidato cha nne, nadhani kiko kwa mama.

#35 MtotoWaTandika
Mimi bado nasema fiziotherapia.

#36 MzeeWaKona
Wakuu nashukuru, nimesoma yote, mengine nimemsomea dada kwa sauti. Mrejesho: jana nimemkalisha dogo na baba yake. Nikamsomea #22 ile ya nyuma ya mlango. Baba mtu hakucheka safari hii. Akamuuliza mwanawe, "Wewe ungejibu nini?" Dogo kanyamaza kitambo, kasema angetoka nje akamuulize mchezaji mwenyewe. Baba kasema hilo siyo jibu. Dogo kasema basi hajui.

PCB imebadilishwa leo asubuhi, nimeona kwenye simu yake. Mifupa, dharura, Cuba, hatujui, tuna miaka minane ya kubishana. Baba bado anasema injinia.

Ila ada bado inanisumbua. Akikosa serikali akapangiwa chuo binafsi?

#37 Dkt_Mwanahamisi
Ada ya chuo binafsi ni mlima, msijidanganye. Aombe vyuo vya serikali kwanza, Bodi ya Mikopo aombe mapema na nyaraka ziwe zimekamilika, na afaulu kweli: ukiwa na matokeo ya juu ya sayansi kidato cha sita kuna ufadhili wa Samia wa kwenda chuo. Ubingwa baadaye serikali nayo inasomesha, mimi mwenyewe nimeomba mwaka huu. Tiba ya familia 🙂

#38 Nyundo_na_Patasi
Tumempoteza mmoja.

#39 GotiLinalia
Wakuu nimerudi. Jumapili nilicheza dakika hamsini, goti likaitikia kwa nguvu, sasa limejaa kama embe dodo. Nimenunua barafu za ukwaju kumi kama mlivyoelekeza. Zimebaki nne. Muuzaji ana za ubuyu pia, ipi inashika vizuri?

#40 BegiLaBluu
#39 hospitali. Leo. Barafu waachie watoto.

#41 Bwana_Spana
Ubuyu.